Jumba la Morse kule Portland, Maine: nyumba ya kifahari inaandikwaje mpaka ikaeleweka

Mwaka 1940 jumba moja la kifahari, lililojengwa na tajiri wa hoteli aitwaye Morse, lililoko mtaa wa Danforth, mjini Portland, jimbo la Maine, Marekani, lilibakiza kidogo tu livunjwe pajengwe kituo cha mafuta. Lilikuwa limekaa tupu miaka kadhaa, familia ya mwisho imeshahama, na mjini hakukuwa na mtu wa kulilia kwa sababu enzi hizo majumba ya namna hii yalionekana mizigo, makubwa, meusi meusi, gharama ya kupasha joto peke yake inatisha. Aliyeliokoa ni mwalimu mstaafu, William Holmes, pamoja na dada yake Clara. Wakalinunua, na 1941 likafunguliwa kama makumbusho, wakalipa jina la Victoria Mansion kwa heshima ya Malkia Victoria wa Uingereza. Mwaka 1970 serikali ya Marekani ikaliingiza kwenye daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria ya taifa.

Sasa hapo ndipo penye mkanganyiko ambao nataka tuufungue taratibu. Ukimuuliza mtu yeyote kwa nini jumba lile lina hadhi kubwa hivyo atakujibu haraka, si ni zuri na ni la zamani. Lakini uzuri na uzee havitoshi, na kama vingetosha basi nusu ya nyumba za Marekani zingekuwa makumbusho. Umuhimu wa jengo ni kitu cha kuthibitisha, kwa karatasi, kwa vipimo, kwa picha, kwa ushahidi, na mtu anayeifanya kazi hiyo anaandika mambo mawili ambayo mara nyingi hayataki kukaa pamoja, yaani usanifu wa jengo na historia ya jengo. Mimi msimamo wangu ni kwamba faili la nyumba ya kitajiri halijakamilika mpaka lioneshe pesa ya kuijengea ilitoka wapi na mikono ya nani iliichuma, na hilo jumba la Portland linaonesha vizuri sana kwa nini.

Tuanze na hili neno Victorian, watu wanavyolitumia linachanganya. Malkia Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, kwa hiyo nyumba ya Kiviktoria maana yake ni nyumba ya kipindi hicho, siyo mtindo mmoja. Ndani ya miaka hiyo 64 mitindo ilipishana kama mavazi: kulikuwa na Gothiki iliyofufuliwa yenye madirisha ya kuchongoka, kulikuwa na mtindo wa Kiitaliano wenye paa la mteremko mdogo na vishikio vinene vilivyochongwa chini ya paa, ukaja wa Kifaransa wenye paa la mansadi, yaani paa lenye miteremko miwili, wa chini mkali zaidi, halafu mwishoni mwa miaka ya 1800 ukaja ule unaoitwa Queen Anne, ndio ule wa viminara na varanda za kuzunguka na mbao zilizochongwa kila kona ambao watu wengi wakisikia jumba la Kiviktoria ndio picha inayowajia. Mtaalamu anayeandika ripoti hawezi kuandika tu kwamba ni nyumba ya Kiviktoria akaishia hapo, atarudishiwa karatasi yake. Lazima aseme ni mtindo gani, ulifika lini eneo hilo, nani aliuleta, na nyumba hii imeufuata kiasi gani au imeuvunja wapi.

Jumba la Portland lilijengwa kati ya 1858 na 1860 kwa mtindo wa Kiitaliano, ule wa kuiga majumba ya mashambani kule Italia. Msanifu alikuwa Henry Austin wa New Haven, Connecticut. Ukilitazama kwa nje kitu cha kwanza ni mnara, umesimama upande mmoja siyo katikati, na hilo ni la makusudi kabisa kwa sababu kabla ya hapo nyumba za watu wenye hadhi Marekani zilikuwa za kulingana, kushoto kama kulia, mlango katikati, na mtindo huu ndio ulikuja kuvunja hiyo adabu. Kuta zimevikwa jiwe la mchanga la rangi ya kahawia. Jiwe hilo kwa wakati ule lilikuwa alama ya utajiri pwani ya mashariki ya Marekani, New York mitaa mizima ilivikwa jiwe la namna hii, ila lina tabia mbaya, linanyonya maji, maji yakiganda wakati wa baridi jiwe linabanduka magamba. Maine baridi yake si ya kitoto. Nitalirudia hilo jiwe huko mbele.

Ndani ndiko kwenye mambo. Mapambo ya ndani yalifanywa na Gustave Herter, seremala na mbunifu mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa na karakana New York, ambaye baadaye yeye na mdogo wake Christian wakawa ndio jina kubwa kabisa la fanicha kwa matajiri wa Marekani. Kazi zake nyingi za kupamba nyumba nzima zimepotea, nyumba zimevunjwa, viti vimetawanyika kwenye minada na makumbusho mbalimbali. Hapa Portland vitu vipo palepale vilipowekwa: meza, viti, makabati, mazulia, taa za gesi, mapazia. Zaidi ya asilimia 90 ya vitu vya mwanzo vimebaki. Watu wa fani hii wakisikia hivyo wanashtuka, kwa sababu nyumba ya miaka ya 1850 kubaki na kuta zake ni kitu cha kawaida, lakini kubaki na makochi yake ni nadra mno.

Kuta na dari zilichorwa na Giuseppe Guidicini, Mwitaliano, kwa ule mtindo wa kudanganya macho, yaani unaangalia juu unaona nakshi zimechongwa kwenye lipu, zina kivuli, zina kina, kumbe ni rangi tupu juu ya ukuta bapa. Kuna chumba cha kuvutia sigara kilichopambwa Kituruki, kati ya vya mwanzo kabisa vya aina hiyo Marekani. Na kuna mabomba, hili watu wanalipita haraka lakini kwangu ni kubwa: maji ya moto na ya baridi yanayotiririka ndani, vyoo vya kuvuta maji, joto la kupasha nyumba nzima kutoka sehemu moja, taa za gesi, na kengele za kuwaitia wafanyakazi. Mwaka 1860 hiyo. Mtu aliyeagiza vitu hivyo alikuwa ameviona mahali, na mahali penyewe ni hotelini, maana hoteli za kifahari za miji mikubwa ndizo zilizotangulia kuwa na starehe hizo kabla hazijaingia majumbani.

Mwenye nyumba aliitwa Ruggles Sylvester Morse, kijana wa Maine aliyeondoka kwenda kutafuta maisha akajifunza kazi ya hoteli, akaishia New Orleans, Louisiana, kule kusini kabisa, na huko ndiko alikotajirikia. Jumba la Portland lilikuwa la kiangazi tu, yeye na mkewe Olive wakikimbia joto la kusini. Moto mkubwa wa tarehe 4 Julai 1866 uliteketeza majengo karibu 1,800 ya Portland na kuacha watu kama 10,000 bila makazi, jumba likapona. Morse akafariki 1893, mwaka uliofuata mjane akaliuza na vitu vyake ndani kwa Joseph Ralph Libby, mfanyabiashara mwenye duka kubwa mjini, familia hiyo ikakaa mpaka mwisho wa miaka ya 1920, na wala haikubadilisha sana. Hiyo bahati ya kupita mikono miwili tu ndiyo siri ya kwa nini makochi yapo.

Haya, tuje kwenye utaratibu wenyewe. Marekani kuna njia mbili zinazoenda sambamba na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuandika jengo ili kumbukumbu ibaki hata jengo likifa kesho. Mwaka 1933, katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, mtu anaitwa Charles Peterson wa idara ya hifadhi za taifa alipendekeza serikali iwaajiri wasanifu majengo 1,000 waliokuwa hawana kazi, wazunguke nchi nzima wakipima na kuchora majengo ya zamani. Likakubaliwa, kazi ikaanza, na mradi haujafa mpaka leo, michoro na picha zake zimehifadhiwa Maktaba ya Bunge kule Washington na mtu yeyote anaweza kuzipakua bure. Jumba la Morse limo humo. Nalipenda sana wazo hili kwa sababu lilikubali ukweli mapema, kwamba majengo mengi hayataokolewa, basi angalau yaandikwe.

Njia ya pili ni kulipa jengo hadhi. Sheria ya 1966 ya kuhifadhi historia ndiyo iliyoanzisha Rejista ya Taifa, na ili jengo liingie lazima lijibu angalau swali moja kati ya manne. Limehusika na tukio au mkondo wa historia ulio muhimu? Limehusika na maisha ya mtu muhimu? Usanifu wake ni mfano bora wa mtindo, kipindi, ujenzi, au kazi ya fundi mkubwa? Au lina taarifa ambazo bado hazijachimbwa, hasa za akiolojia? Kwa kawaida liwe limefikisha miaka 50. Juu ya Rejista kuna daraja lile la taifa ambalo jumba la Morse lilipewa 1970, huko lazima uoneshe kwamba umuhimu wake ni wa nchi nzima siyo wa mtaa wala jimbo.

Lakini kujibu swali hakutoshi. Jengo lazima pia liwe bado ni lenyewe. Hapa wanaangalia mambo saba: lipo mahali pake pa asili, usanifu wake haujavurugwa, mazingira yake, malighafi zake, ufundi wake, hisia unazopata ukiwa pale, na uhusiano wake na ile historia inayodaiwa. Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama. Unaweza kuwa na nyumba alimozaliwa mtu maarufu kabisa lakini imebadilishwa madirisha, imebandikwa plastiki nje, imeongezwa ghorofa, wanakwambia samahani, mtu ni muhimu ila nyumba hii haimkumbuki tena. Na kinyume chake pia, nyumba ikiwa imetunzwa vizuri kama yai huku haina la kusema, nayo haiingii. Jumba la Morse lilipita kirahisi kwenye usanifu, Austin na Herter na Guidicini peke yao wanatosha, na hali yake ni kama ilivyoachwa. Na kwa sababu lilipita kirahisi kwenye usanifu, kwa miaka mingi lilielezwa kwa usanifu tu. Watalii wakaoneshwa zulia, wakaoneshwa dari, wakaambiwa mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa hoteli, wakaenda zao.

Kabla sijaingia kwenye pesa niseme kidogo kazi ya mikono inavyofanyika maana watu wanadhani ni kupiga picha na simu. Timu inapima kila chumba, zamani kwa futi ya utepe na penseli, siku hizi kwa mashine ya leza inayozunguka ikinyunyiza mamilioni ya nukta kwenye kuta mpaka umbo zima la chumba linaingia kwenye kompyuta. Halafu michoro inasafishwa na mtu, siyo mashine, kwa sababu mashine inaona ukuta umepinda na haijui kama ulipinda kwa uzee au fundi ndivyo alivyojenga. Kuna picha kubwa za nyeusi na nyeupe za filamu, filamu kabisa, kwa sababu inajulikana inadumu miaka mingapi ikitunzwa vizuri, wakati faili la kompyuta leo lipo kesho halifunguki.

Halafu kuna ushahidi mdogo mdogo, huu ndio unaonivutia mimi kupita kiasi. Misumari kwa mfano. Msumari uliofuliwa na mhunzi mmoja mmoja ni wa zamani zaidi, msumari wa kukatwa kwa mashine kwenye bati nene una pande nne na ulitawala sehemu kubwa ya miaka ya 1800, msumari wa waya wa mviringo tunaoujua sisi ukaenea Marekani kuelekea 1890. Kwa hiyo mtu anaweza kukwambia kabati hili ni la 1860, ukang'oa ubao mmoja wa nyuma ukakuta misumari ya waya, basi ujue kuna mtu alikuja baadaye akaligusa. Au rangi. Wanakwangua kipande kidogo kuliko punje ya mchele, wanakiweka chini ya darubini kikiwa kimesimama kwa ubavu, na hapo unaona matabaka, kijani juu ya krimu juu ya kahawia juu ya mbao, kila tabaka ni kizazi cha wakazi. Kuna wakati vumbi jeusi la masizi ya gesi linakaa katikati ya matabaka mawili, hapo unajua nyumba ilikaa muda mrefu bila kupakwa. Nyumba inasema yenyewe, ukijua kusikiliza hayo hakuna mtu anayeweza kukudanganya kwa hadithi za mdomo.

Ila msumari hausemi nani alilipa. Hapo unaacha darubini unakwenda kwenye makabrasha.

Kwenye jumba la Morse kuna kioo cha rangi penye ngazi kuu chenye nembo za majimbo mawili, Maine na Louisiana. Mtu wa usanifu anaweza kukieleza kioo kile kwa ufundi wake, rangi yake, namna mwanga unavyoingia. Sawa. Lakini kile kioo ni tamko. Mwenye nyumba mwenyewe, mwaka 1860, amewaambia wageni wake mimi ni wa huku na pesa yangu ni ya kule. Na Louisiana ya 1860 maana yake ni utumwa. New Orleans ndilo lililokuwa soko kubwa kuliko yote la kuuza watu Marekani, watu walinadiwa hadharani, mpaka ndani ya ukumbi wa hoteli ya kifahari kama St. Louis Hotel minada ilikuwa inafanyika huku wateja wanakunywa. Wageni waliojaza vitanda vya hoteli za mji ule walikuwa wafanyabiashara wa pamba, wa sukari na wa watu. Morse mwenyewe alimiliki watu, na waliomfanyia kazi bila mshahara wamo ndani ya kila zulia la jumba lile ingawa hawakuwahi kulikanyaga. Makumbusho yenyewe siku hizi imelibeba jambo hili waziwazi, imefanya utafiti na kuwaeleza wageni, na nawapongeza kwa dhati kabisa kwa sababu nyumba nyingi za aina hii bado zinazungumzia vijiko vya fedha.

Ugumu ni kuwapata hao watu. Sensa za Marekani za 1850 na 1860 zilikuwa na karatasi za pekee za watumwa, na karatasi hizo zinamtaja mmiliki kwa jina lake kamili, halafu chini yake mistari: umri, jinsia, rangi. Mwanamke, 30, mweusi. Mvulana, 6. Jina kwa kawaida hakuna. Ukiishia hapo umepata hesabu, hujapata watu. Sasa Louisiana ilikuwa na kitu tofauti na majimbo mengine, sheria yake imetokana na Ufaransa na Hispania, na sheria hiyo ilimhesabu mtumwa kama mali isiyohamishika, sawa na shamba au nyumba, kwa hiyo kumuuza ilibidi mwende kwa mthibitishaji wa serikali aandike hati. Ukatili ule ndio ulioacha majina. Hati zile zimehifadhiwa New Orleans mpaka leo, na ndani yake kuna jina, umri, wakati mwingine kazi aliyoijua, wakati mwingine mama na mtoto wake kwenye hati moja. Kwa hiyo mtafiti wa nyumba ya Maine, nyumba iliyo kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani, anajikuta lazima apande ndege kwenda kusoma makaratasi ya kusini kabisa. Historia ya nyumba haikai kwenye kiwanja chake.

Na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaingiaje? Tunaingia, tena kwa mlango mkubwa. Pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini ilipakiwa bandarini New Orleans ikapelekwa, pamoja na kwingine, kwenye viwanda vya nguo vya Massachusetts, miji kama Lowell. Kule ikafumwa ile nguo ngumu isiyo na rangi ambayo bibi zetu waliiita merikani. Marekani ilisaini mkataba wa biashara na Sultani Said mwaka 1833, mwaka 1837 ikafungua ubalozi mdogo Zanzibar, na meli za wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, zikawa zinashusha marobota ya merikani Unguja. Nguo ile ilienda bara na misafara, Tabora, Ujiji, mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ikatumika kama fedha kabisa, unaipima kwa dhiraa, yaani kwa urefu wa mkono, unapewa chakula, unapewa njia ya kupita, unapewa pembe za ndovu.

Meli zikirudi New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, Maine ikiwemo, zilibeba nini? Pembe na sandarusi. Sandarusi, utomvu wa miti uliogeuka mgumu, ilichimbwa ardhini kule Mrima, ikasafishwa Salem, ikatengenezwa vanishi ya kung'arisha fanicha na magari ya farasi. Pembe zilibebwa mabegani na wapagazi miezi kadhaa mpaka Bagamoyo, zikavuka Unguja, nyingi zikaishia kwenye vijiji viwili vya Connecticut, Deep River na Ivoryton, ambako viwanda vilizikata vipande vyembamba vya kufunika vitufe vya piano. Connecticut hiyohiyo alikotoka msanifu Austin. Na piano katika Marekani ya karne ile ilikuwa ndiyo kipimo cha sebule yenye heshima, jumba lisilo na piano halikuwa jumba.

Kwa hiyo ukichukua faili la jumba la Kiviktoria la New England ukalisoma sawasawa unakuta mzunguko mzima: mtu anayelimishwa bure Louisiana, msichana wa kiwandani Lowell, mpagazi Mnyamwezi na jino la tembo begani, mchimbaji wa sandarusi Mrima, wote wamekutana kwenye sebule moja ya mtu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemjua. Ripoti ya kawaida ya usanifu ingeandika: sebule, fanicha ya mbao ngumu iliyong'arishwa, piano. Ni kweli, lakini hiyo siyo ripoti, ni orodha ya dalali.

Najua kuna watu wa uhifadhi wanaosema kuchanganya haya ni kuharibu fani, kwamba kazi yao ni jengo, siasa waachiwe wengine. Nimewasikiliza na hoja yao ina uzito mahali pamoja: kama mtu hajui kutofautisha lipu ya 1860 na ya 1920, hata akijua historia yote ya utumwa, jengo litamfia mikononi. Ufundi lazima utangulie. Lakini yale maswali manne ya Rejista yenyewe yanaanza na matukio na mikondo ya historia kabla ya kufika kwenye usanifu, sheria ndiyo inataka hivyo, siyo wanaharakati. Anayeruka swali la kwanza ndiye anayeharibu fani.

Umuhimu wa hayo makaratasi sisi tumeuona kwa uchungu. Beit al-Ajaib pale Forodhani, jumba alilojenga Sultani Barghash 1883, enzi hizohizo za Victoria, nguzo za chuma cha kumwaga, ghorofa za varanda pande zote, jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, lilipona kwenye mabomu ya Waingereza Agosti 1896 ingawa jumba la jirani yake Beit al-Hukm liliharibiwa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa ikaporomoka likiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Jengo lipo ndani ya Mji Mkongwe ambao ni urithi wa dunia tangu 2000. Sasa ukitaka kulijenga upya swali la kwanza la fundi siyo pesa, swali la kwanza ni nguzo ile ilikuwa na kipenyo gani, zile nakshi za mlango zilikaaje, slabu ilishikwa na nini, mnara uliunganishwaje na ukuta wakati ulipowekwa pale baada ya 1896. Mchoro uliopimwa unajibu. Picha ya mtalii haijibu, hata zikiwa elfu kumi, kwa sababu wote wamesimama palepale Forodhani wakapiga upande uleule.

Turudi kwenye jiwe la kahawia niliyoahidi. Jumba la Morse limekuwa likibanduka, ule mnara mzuri umelazimika kufanyiwa kazi kubwa ya mawe na ya gharama, na hapa uandishi unakuwa kazi ya kila siku siyo kazi ya mara moja. Kila jiwe lina nafasi yake kwenye mchoro. Fundi akiliondoa, inaandikwa limetolewa lini, liliharibika vipi, limewekwa jiwe gani badala yake au limezibwa kwa mchanganyiko gani, chokaa au saruji. Saruji ya kisasa ni hatari kwenye jiwe laini la zamani, inakuwa ngumu kuliko jiwe lenyewe, maji yanakosa pa kutokea yanatokea kwenye jiwe, jiwe linapasuka huku kiungo kikibaki kizima. Mji Mkongwe, Lamu, Mombasa, mafundi wazee wa chokaa wanalijua hili bila kufundishwa na mtu, wameona kuta za matumbawe zilivyooza baada ya kupigwa lipu ya saruji. Kwa hiyo anayekuja miaka 50 baadaye akikuta jiwe jipya kwenye mnara asidhani ni la Austin, na akikuta ufa ajue ulianza kabla au baada ya matengenezo.

Wasomaji mlioko Portland, na najua mpo, maana mwaka 2019 peke yake mji ule ulipokea mamia ya watu wengi wao kutoka Kongo na Angola, jumba lipo mtaa wa Danforth namba 109, linafungua msimu wa joto na tena wakati wa Krismasi. Mkiingia simameni penye ngazi mkitafute kile kioo chenye nembo mbili, halafu muulizeni mwongozaji majina ya watu wa New Orleans, yapi yameshapatikana mpaka sasa.